Kigoda Mbele ya Baba Mkwe

Mgongo wa baba mkwe wangu naujua kuliko mgongo wa mume wangu. Naijua kofia yake ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka, na koti lake la mvua lililomzidi urefu. Najua mabuti yake ya mpira yalivyolia akitoka zizini. Uso wake sikuujua. Ukiniuliza macho yake yalikuwaje enzi hizo, nitakusimulia niliyosimuliwa na waliokaa mbele yake, na hao ndio niliowaonea wivu mpaka nikawa siwapikii ndizi vizuri.

Sitaeleza alizaliwa lini wala ni mjukuu wa nani. Hayo yana wenyewe, na wenyewe hupenda kuyasema kwenye misiba. Mimi niliolewa tu pale Lufingo, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawapishani njiani. Watu wengi wa kanisani walishalegeza zamani. Mjini Tukuyu niliwahi kuona mtu na mkwewe wamekaa meza moja hotelini wanakula chapati, na hakuna aliyeanguka. Lakini nyumba ile yetu iliishika mila barabara, na aliyeishika kuliko wote ni yeye, msomi wa kijiji kizima.

Maana msomi alikuwa. Alikwenda chuo kikuu enzi ambazo kijana akienda huko watu walimsindikiza hadi barabarani wakilia. Akafanya kazi ya elimu katika wilaya nyingi, akastaafu, akarudi kwenye migomba na ng'ombe wake. Alisikiliza redio za nje kwa Kiingereza. Gazeti alilisoma hata kama lilikuja limefungiwa sukari, alilikunjua na kulinyoosha kwa kiganja. Mtu wa namna hiyo ungedhani ataniita barazani aniambie, "Mkwe, habari za shule?" Thubutu!

Badala yake alikuwa na kikohozi. Hakikuwa cha ugonjwa. Kabla hajakata kona ya nyumba alikohoa mara moja, kikavu, akasubiri. Nami popote nilipokuwa nilijua nijitoe, nijifunike kanga na kugeuza mgongo, au nikimbilie jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mianzi kilichoegemea nyuma ya baraza, na kati yangu na yeye palikuwa na mianzi hiyo na kuni zilizopangwa. Nilimsikia hata akijikuna. Mimi sikuwahi kutoa sauti akiwa karibu. Nikitaka kumwita mtoto nilipiga makofi, na nikiwa na neno kwa mama mkwe nilimfuata nikamnong'oneza. Sauti yangu hakuijua, kama mimi nisivyoujua uso wake.

Sasa njoo kwa hao waliokaa mbele yake. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyozoea kuwa matupu yalianza kujaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni Tukuyu, na wazazi wakaanza kuambiwa kwamba elimu ya juu nayo itachangiwa. Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yalipotoka, vijana wa Lufingo na hata wa Kiwira kule barabarani walipanda mpaka kwetu kuomba mawaidha kabla ya kwenda chuo. Hakuwatoza kitu. Mama zao walileta maparachichi au kuku, wakashukuru, "Ndaga fijo," wakaondoka, na kijana akabaki.

Kijana alikalishwa kwenye kigoda kimoja kifupi cha mti mweusi kilichowekwa barazani kwa kazi hiyo tu. Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake cha mianzi. Alikohoa. Kisha alianza kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa hadhara, na msikilizaji mwenyewe yuko pale pale mbele ya magoti yake. Kwa muda mrefu nilidhani masikio yake yameanza kufa. Lakini mbona kuku akidonoa mahindi uani alimsikia?

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapita chuo cha ualimu, na nilikuwa najisomea mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kitabu huku, mtoto huku. Nilikitaka chuo kikuu kama mgonjwa anavyotaka maji. Na mtu pekee aliyeijua njia ya huko alikuwa upande wa pili wa mianzi, anawaelekeza watoto wa watu. Nilitaka anipe neno langu mwenyewe, litoke kinywani mwake kwa ajili yangu, hata kama ni moja. Sikuwa na la kufanya. Mtu asiye na ruhusa ya kusema atasema na vyombo, basi nikawa nasema na vyombo. Akianza tu kumfundisha mtu, nilibamiza mfuniko, nikagonga sufuria kwa mwiko, nikatupia vikombe kwenye beseni. Yeye alinyamaza kidogo, kisha aliendelea kwa sauti kubwa zaidi. Nikasema moyoni, mzee huyu ananikomoa.

"Usikasilike, mwanangu," mama mkwe aliniambia. Kiswahili chake hakikuwa na r wala z, na kilinituliza kuliko cha redioni. "Baba yenu ana mambo yake. Mwache aongee na wageni sake."

Mafundisho yenyewe yalikuwa ya chini kabisa, ya kushikika. Aliwadharau wazee wanaowaambia vijana someni kwa bidii halafu wanadai soda. Siku moja alimuuliza kijana wa Kiwira, mtoto wa mchimba makaa, bidii ni kitu gani. Kijana akajibu ni kusoma sana.

"Hapana. Jioni kabla hujala, fungua daftari la siku hiyo, lisome, lifunge. Halafu sema kwa mdomo ulichofundishwa. Pale unapokwama ndipo pa kusoma. Kwingine kote unajifurahisha."

Akamkataza kunakili kila neno la mhadhiri. Mhadhiri akirudia jambo, aliwekee alama pembeni, kwa sababu mtu aliyechoka hajirudii kwa kupenda. Wiki ya kwanza, wenzake wanapotafuta wachumba, yeye aende maktaba ajue vitabu vya somo lake viko rafu gani, maana ni vichache na wakati wa mtihani wajanja watakuwa wamevificha. Atafute mitihani ya nyuma aijibu kwa saa, kama yuko chumba cha mtihani kweli. Kijana akauliza kuhusu kukesha.

"Kukesha ni kazi ya walinzi," baba mkwe akasema, "na wao wanalipwa."

Nilikuwa namenya ndizi. Kisu kikasimama. Kesho yake jioni nilifunga kitabu changu, nikajaribu kusema kwa mdomo mbele ya mwanangu Atupele, aliyekuwa anatambaa, na nikakwama karibu kila mahali. Njia ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Yule kijana aliletewa chakula mezani, mimi nikaokota kilichodondoka, wakati mpishi wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Kuhusu fedha alikuwa mkali. Posho ya chuo vijana waliiita bumu, na yeye hakutaka kabisa kulisikia neno hilo barazani kwake. "Siku ya kupokea, kabla hujarudi bwenini, nunua sabuni, nunua sukari, nunua karatasi. Mama lishe akikubali umlipe mbele, mlipe. Kitakachobaki ndicho ukiite hela." Aliwaonya dhidi ya rafiki anayejua siku ya posho lakini hajui siku ya mtihani. Na kuliko yote alisisitiza nauli ya kurudi nyumbani. Ishonwe kwenye pindo la shuka, isiguswe hata kwa njaa. "Mtu asiye na nauli ya kurudi kwao," alisema, "atakubali lolote atakaloambiwa." Mshonaji wa mapindo hayo alikuwa mama mkwe, kwa mkono wake, akikaa mlangoni kwenye mwanga.

Aliyepata mengi kuliko wote alikuwa wifi yangu, kitinda mimba wao, aliyetangulia chuo kikuu kabla yangu. Huyo alikalia kigoda jioni baada ya jioni. Nilimwonea wivu wa kuota nao. Alipewa kila kitu bure, kwa kuzaliwa tu, naye akapiga miayo. Halafu ananifuata jikoni kulalamika!

"Wifi, Baba anachosha jamani. Anapiga kelele utadhani niko ng'ambo ya mto. Na hata haniangalii. Anaangalia huku huku kwenye moshi wako."

"Nipe mimi hiyo nafasi kama huitaki," nikamwambia kwa kunong'ona.

Akacheka, akachukua kipande cha ndizi, akaondoka. Nilimwona hana shukrani, na kama si mama yake kuingia muda ule ningemwambia.

Wifi alifika Dar es Salaam, akalifumua pindo la shuka, akanunua viatu vya mtumba vyenye visigino. Haikupita muda wanafunzi wakagombana na wakubwa wa chuo, chuo kikafungwa ghafla, wakaambiwa waondoke siku ile ile. Wenzake walipanda mabasi. Yeye alibaki kwa watu aliowajua kidogo tu, akiosha vyombo vyao na kukubali kila alichoambiwa, mpaka mume wangu alipomtumia nauli kwa kondakta wa basi. Aliporudi, baba mkwe hakumgombeza. Alimtumia ujumbe pale barabarani kwamba avae vile viatu vyake vizuri apande navyo mpaka nyumbani, kwenye utelezi wa mvua zetu zisizokatika. Alifika amevishika mkononi, analia. Mimi nilifurahi. Siku ile nilitia maziwa mengi kwenye ndizi mpaka mama mkwe akauliza kuna sikukuu gani.

Usidhani lakini kwamba mzee mwenyewe aliyafuata yote aliyoyasema. Alihubiri kubana matumizi, na betri za redio zilinunuliwa kabla ya chumvi. Aliwaambia wavulana wajifunze kufua na kupika, maana chuoni hakuna mama, na yeye sufuria aliijua kwa kuiona ikipita. Aliwaambia wasichana wasikubali mwanamume awaamulie, huku mama mkwe hauzi kuku bila kuuliza. Siku moja alimwambia kijana kwa ile sauti yake ya mkutano, "Usiwe mtumwa wa desturi usiyoweza kuieleza." Kisha akainuka kwenda chooni, akafika kwenye kona, akakohoa, akasubiri nijifiche. Nilijificha. Nilitamani kutoka pale nilipo nimwambie haya, Baba, nieleze.

Lakini kitu kimoja hakikuwa na kigeugeu, nacho ni namna alivyowachukulia hao vijana. Hakuwatisha. Aliwafundisha kuishi. Wajue jina la mpishi na la mlinzi wa bweni, maana hao ndio watakaogundua kwamba hujaonekana siku nzima. Malaria ikianza, mtu aambiwe kabla hujazidiwa, hata kama ni mtu usiyempenda. Wa kusoma naye si lazima awe wa kucheka naye. Ukirudi likizo usimjibu mama yako kwa Kiingereza, na ufue nguo zako kabla ya kufika. Waandikie nyumbani hata kama huna shida, ili siku ukiandika una shida wasishtuke. Vijana waliondoka pale wamenyooka migongo. Niliwachungulia kwenye upenyo wa mianzi wakishuka njia, nikawahesabia heri yao kwa kinyongo.

Kisha na mimi nikachaguliwa. Mtihani nilifaulu, nafasi ya chuo kikuu ikaja, ikabaki kumwambia baba mkwe. Kama angesema hapana, mume wangu asingebisha, ndivyo alivyolelewa. Alikwenda yeye barazani kupeleka habari, mimi nikabaki jikoni nimeshika mwiko usio na kazi. Wakanong'onezana, mara moja hiyo ambayo ningependa wapige kelele. Mume wangu akarudi.

"Baba amesemaje?"

"Amesikia."

"Amesikia, basi?"

"Mama Atu, Baba akisikia na asikatae, imepita hiyo. Unataka nini zaidi?"

Nilitaka zaidi. Wifi alipewa majuma, watoto wa majirani walipewa jioni nzima, na mimi niliyewapikia wote nikapewa "amesikia". Nililia kwa hasira, nikasingizia kuni mbichi.

Siku moja kabla sijaondoka, nikiwa na nguo za kufungasha na za Atupele za kumkabidhi bibi yake, wakaingia vijana wawili kutoka Kiwira. Chuo chao kilikuwa hakijatangaza hata kufungua. Mama mkwe akaniambia wameitwa na baba mwenyewe. Nikashangaa. Siku zote hizo, awaite leo, na wageni wapikiwe na nani? Mzee alianza mapema mchana akaenda mpaka ng'ombe wakalia wakitaka kukamuliwa. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. Alirudia yote, ya daftari, ya maktaba, ya posho, ya malaria, kama mtu anayefunga mzigo akihofia kusahau kitu. Nami nilibamiza vyombo siku ile mpaka mama mkwe akaja mbio akidhani mbuzi wameingia jikoni.

Mahali fulani katikati ya hotuba akasema, "Na mwenye mtoto nyumbani asijilaumu kila siku. Achague Jumapili iwe siku ya kujilaumu, siku nyingine asome."

"Mzee, sisi hatuna watoto," kijana mmoja akasema.

"Sijasema mnao. Nimesema mwenye mtoto." Akanyamaza, nikagonga sufuria, akaendelea. "Wala asione haya kukaa darasani na waliozaliwa juzi. Waliozaliwa juzi wana kumbukumbu nzuri. Awaulize."

Nikajua uzee umeanza kumchanganya. Asubuhi yake nilifunga sanduku. Shuka yangu niliikuta imeshonwa pindo bila mimi kuomba. Nilipotoka uani na mizigo, nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Nikajifunika, nikageuza mgongo, nikasimama. Nilisubiri labda atakohoa tena, au atamwita mtu amwambie kitu nikisikie. Nikashuka kwenda Tukuyu kutafuta gari la Mbeya, Atupele analia mgongoni kwa bibi yake, na mimi nimemkasirikia mzee yule kuliko nilivyosikitika kumwacha mtoto.

Chuoni niliishi kwa maneno yake yote. Nilifunga daftari jioni nikasema kwa mdomo, na wasichana wa chumba changu wakadhani nasali. Mlinzi wa bweni nilimjua kwa jina, na siku malaria iliponiangusha ndiye aliyegonga mlango. Pindo la shuka sikuligusa. Nilijilaumu Jumapili tu, tena kwa zamu nzuri, asubuhi mpaka jioni, Jumatatu nikasoma. Waliozaliwa juzi niliwauliza, wakanisaidia. Mmoja wao aliniuliza nani alinifundisha mambo hayo.

"Baba mkwe wangu," nikasema, kisha nikaona nimejipa kisicho changu. Hakunifundisha. Aliwafundisha wengine, mimi nikaiba. Nilimaliza vizuri, na hata siku ya kuvaa joho wivu ule ulikuwepo, umekaa kifuani pale pale.

Nikapangiwa shule ya sekondari Tukuyu, tukahamia mjini, na kila Jumamosi nikawa napanda Lufingo kuwapikia wazee. Baba mkwe akazeeka. Mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, akabaki anatofautisha mwanga na giza tu. Vijana wa chuo wakapungua barazani, wengi sasa walikuwa na kaka au dada wa kuwauliza. Kigoda kilibaki pale pale. Naye akaendelea kukohoa kwenye kona, ingawa hakuwa anaona tena kilichojificha.

Ndipo nikapata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili. Jumamosi ile nilitoka moja kwa moja kwenye kikao cha shule, nimevaa viatu vya kazini badala ya kandambili zangu, nikapanda kumpa mama mkwe habari. Kumbe alikuwa amekwenda msibani Kiwira. Nilikata kona ya nyumba bila kusikia kikohozi, kwa sababu baba mkwe alikuwa ameshakaa barazani anaota jua, uso ameuelekeza njiani.

Nikauona. Miguu ilikataa kugeuka. Ulikuwa mpana, una kovu kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, macho yameingia ukungu. Mdomo ulikuwa wa Atupele kabisa, ule wa juu unaojikunja akitaka kubisha. Nilikuwa nimeuosha mdomo ule kila siku bila kujua umetoka kwa nani.

"Nani huyo? Viatu hivyo sivijui," akasema.

Sikuwa na sauti ya kumjibia. Sijawahi kuwa nayo. Ilitoka yenyewe, nyembamba. "Mwanafunzi, Mzee."

"Ugonile, mwanafunzi. Unakwenda chuo?"

"Nakwenda, Mzee." Wala sikudanganya.

"Basi kaa. Kigoda kiko hapo."

Nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani, magoti yakanijia kifuani. Nikasema moyoni, leo ni zamu yangu, leo nitaambiwa mimi. Baba mkwe akajiweka sawa. Halafu akageuza uso, akauelekeza kule kwenye mianzi ya jikoni, akakohoa mara moja. Akasubiri. Akasubiri sana.

"Mzee, unaumwa kifua?" nikauliza.

"Nabisha hodi." Alitabasamu kidogo, lakini si kwangu. "Kule nyuma kuna mkwe wangu. Leo Jumamosi, atakuwa amefika. Naye ni mwanafunzi, tena kuliko ninyi wote. Mila yetu hairuhusu nimsemeshe, kwa hiyo namsemesha kupitia kwenu. Usiudhike nikipaza sauti. Wenzako wote nimewapigia kelele hivyo hivyo."

Nikaikalia mikono yangu. "Na yeye hujibu?"

"Hujibu sana! Anagonga sufuria. Akigonga najua amepokea, naongeza jingine. Siku moja kabla hajaenda chuo niliita vijana makusudi, nikasema yote niliyonayo. Alinigongea mpaka jioni. Nilifurahi siku ile, mwanangu. Nililala vizuri." Akatega sikio tena. "Leo yuko kimya. Labda moto umemsumbua. Tumsubiri kidogo."

Nilikuwa nimekalia kile kigoda nilichokililia miaka yote, mbele ya uso niliounyimwa miaka yote, na uso wenyewe ulikuwa umenipa shavu. Ulikuwa unamsubiri mwanamke wa jikoni. Nilimwonea wivu mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwonea wifi yangu. Alipewa kila kitu yeye, akakaa anabamiza vyombo.

"Mzee," nikasema, "naomba maji ya kunywa."

"Zunguka nyuma, atakupa. Ila ukohoe kwanza, usimshtue."

Nikainuka. Nikazunguka nyumba, nikafika mlangoni kwa jiko, nikakohoa kama nilivyoambiwa. Nikavua viatu. Moto haukuwashwa, majivu yalikuwa baridi. Nikachukua kanga iliyokuwa msumarini, nikajifunika, nikaitoa sufuria kubwa kwenye kichanja na kuigonga kwa mwiko, mara moja.

Barazani kiti cha mianzi kikalia, kama mtu ameketi vizuri zaidi.

"Ehee," akasema baba mkwe. Hakuuliza mwanafunzi wa maji amepotelea wapi. Akapaza sauti kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Haya. Sasa tuanze."